Kijana Wangu Ndiye Mkalimani Wangu Shuleni, na Sasa Ninaambiwa Sijihusishi

BARUA YA MSOMAJI

Mama Mshauri,

Shikamoo. Ninakuandikia kutoka Kentucky, Marekani, ambako huu ni mwaka wetu wa tano tangu tulipotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Sisi ni Wabembe wa Fizi, mashariki mwa Kongo, na watoto wetu watatu kati ya wanne walizaliwa kambini. Mkubwa ana miaka 15 na yuko darasa la 9, anayemfuata yuko la 6, wa tatu yuko la 3, na kitindamimba, aliyezaliwa hapa, ana miaka mitatu.

Mimi hufanya kazi katika ghala la vifurushi, zamu ya pili, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa tano na nusu usiku. Watoto wanaporudi kutoka shule mimi nimekwisha kuondoka, na ninaporudi wamelala. Anayeshinda nao ni mama yao. Kiingereza chake ni cha salamu tu, na ingawa Kiswahili anakisikia vizuri, akikasirika au akihofu huongea Kibembe.

Tangu tufike hapa, kijana wetu mkubwa ndiye ametutafsiria kila kitu: barua za nyumba, hospitali, ofisi ya chakula, na kila kikao cha wazazi na walimu, chake yeye na cha wadogo zake. Mwezi wa kumi nilipewa ruhusa kazini nikaenda kumsikiliza mwalimu wake wa hesabu. Mwalimu aliongea kwa muda mrefu akinionyesha karatasi kwa ncha ya kalamu, kisha kijana akanigeukia akasema, "Baba, anasema ninaendelea vizuri, niongeze bidii kidogo tu." Nilifurahi, nikamshukuru mwalimu na kumpa mkono wa pongezi. Sasa ndiyo ninaelewa kwa nini alinitazama vile.

Mwezi wa kwanza shule ilinipigia simu, na kwa mara ya kwanza upande wa pili kulikuwa na mkalimani. Nikaambiwa kwamba kijana ameanguka hesabu na Kiingereza, na kwamba amekosa kipindi cha asubuhi mara nyingi. Yule mama wa ofisini akasema kwamba wamekuwa wakinitumia ujumbe tangu Septemba. Nikamjibu kwamba sijauona hata mmoja. Akanisomea namba waliyokuwa wakiitumia, nayo ilikuwa ya kijana, kwa sababu yeye ndiye aliyejaza fomu zote nilipokuwa nimesimama pembeni.

Wiki hiyohiyo zilikuja karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ripoti ya mwanangu wa darasa la 3, ambamo mwalimu ameandika kwamba wazazi hawajihusishi. Ya pili ni mwaliko wa wilaya ya shule kuhudhuria kitu wanachokiita chuo cha wazazi, jioni sita za Alhamisi, saa kumi na mbili, saa ambayo niko kazini. Mama, nimeumia. Kule kambini mzazi alimnunulia mtoto daftari, akachanga alipoambiwa achange, na kazi ya kufundisha alimwachia mwalimu. Mzazi aliyeitwa shuleni alikuwa na mtoto aliyeiba au aliyepigana. Leo ninaitwa mimi niende darasani kufundishwa kulea, baada ya kulea watoto watatu katika hema na nyumba ya udongo.

Jirani mmoja ananiambia kwamba wazazi wanaopelekwa kwenye masomo ya kulea ni wale ambao serikali inakaribia kuwachukulia watoto. Mwingine anasema karatasi kama hizo hutupwa tu. Mke wangu hajalala vizuri tangu asikie maneno ya yule wa kwanza. Agosti nilitia sahihi karatasi nyingine iliyoletwa na yule wa darasa la 3, na sikujua inasema nini. Je, ni lazima niende? Nikiamua kwenda, nitaendaje? Na huyu kijana nimfanye nini? Nimefikiria fimbo, na nimefikiria kumrudisha kwa mjomba wake Kigoma.

Baba wa Wanne, Kentucky

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Nitaanza na maneno ya jirani yako wa kwanza, kwa sababu yakiendelea kukaa kichwani hutasikia lolote lingine nitakalosema, wala mama watoto hatapata usingizi.

Jirani huyo amechanganya vitu viwili vinavyofanana majina. Yapo mafunzo ya ulezi ambayo mahakama ya familia humwamuru mzazi ayahudhurie baada ya idara ya ustawi wa watoto kufungua shauri, na amri hiyo huja na namba ya shauri na tarehe ya kurudi mbele ya jaji. Mwaliko wako umetoka wilaya ya shule, umetumwa kwa wazazi wengi kwa pamoja, na ni wa hiari kabisa. Usipokwenda hakuna sheria utakayokuwa umeivunja. Kilicho lazima ni mtoto mwenyewe kuwa shuleni, kwa kuwa Kentucky inamtaka kila mtoto wa kati ya miaka 6 na 18 ahudhurie masomo, na kwa hiyo barua yoyote inayotaja utoro usiifuate kamwe kwa ushauri wa jirani yako wa pili. Vipindi vya asubuhi alivyokosa kijana ni jambo la kushughulikia wiki hii, wakati bado linazungumzika na ofisi ya shule.

Jina la chuo cha wazazi mimi pia silipendi. Walioliweka walitaka lisikike kama heshima, lakini katika masikio ya mtu mzima aliyevuka ziwa na familia yake linasikika kama adhabu. Nakuomba uliache jina ulivyoliacha la kambi yenyewe, tutazame kilichomo ndani na nani anakilipia.

Mara nyingi programu hizi hutokana na fedha za serikali ya shirikisho zinazoitwa Title I, ambazo zilianzishwa na sheria ya elimu ya mwaka 1965 na kupangwa upya mara ya mwisho mwaka 2015. Fedha hizo hupelekwa katika shule zenye watoto wengi wa familia za kipato cha chini. Wilaya inayopokea zaidi ya dola 500,000 kwa mwaka inawajibika kutenga angalau asilimia 1 kwa ajili ya kuwashirikisha wazazi na familia, na angalau asilimia 90 ya kilichotengwa iende shuleni badala ya kubaki makao makuu. Wilaya ikipata dola milioni 10, basi dola 100,000 ni za shughuli hizi, na 90,000 kati yake ni za shule. Sheria hiyohiyo inasema kwamba wazazi washirikishwe katika kuamua fedha hizo zitumikeje. Ndiyo maana nasema kwamba mwaliko ule ni sehemu ya kitu ambacho sheria imekitenga kwa ajili yako. Kama kimepangwa saa ambayo huwezi kufika, kosa liko kwenye upangaji, na una haki ya kulisema.

Sasa tuje kwenye donda lenyewe, ambalo kwa maoni yangu ni lugha. Ulezi wako sikuuona na kasoro yoyote katika barua hii.

Shule haikupaswa kumwachia mtoto kazi ya ukalimani. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, katika sehemu yake ya sita, inakataza taasisi inayopokea fedha za shirikisho kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kesi ya Lau dhidi ya Nichols mwaka 1974, iliyohusu wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, imekuwa wazi kwamba kumwacha mtu nje kwa sababu ya lugha yake kunaingia katika ubaguzi huo. Kwa mzazi, maana yake ni kwamba habari muhimu za mtoto wake zimfikie kwa lugha anayoielewa, bila malipo, kupitia mtu anayeijua kazi hiyo. Sheria ya Title I nayo inataka wazazi wapelekewe habari, kadiri inavyowezekana, kwa lugha wanayoifahamu. Na umejionea mwenyewe kwamba mkalimani alikuwapo muda wote: siku walipomhitaji wao, walimpata kwa simu.

Kuanzia leo, usikae kwenye kikao chochote cha shule ambacho mtoto wako ndiye mkalimani, hata kama ni mtoto wa darasa la 3 anayekusomea tangazo la safari. Ukifika na mkalimani hayupo, omba apigiwe simu. Ikishindikana, omba tarehe nyingine, na uondoke kwa heshima. Ombi lako liandike kwenye karatasi au katika ujumbe, ukitaja lugha unayoitaka, na unaweza kuliandika kwa Kiswahili, kwa kuwa ni juu yao kutafuta atakayelisoma. Hapo ongeza jambo ambalo familia nyingi za Fizi na Uvira huona haya kulitaja: kama mama watoto anaelewa vizuri zaidi kwa Kibembe, liandikeni hilo. Mkalimani wa Kibembe ni mgumu kupatikana na huenda mkaambiwa msubiri, lakini shule ikiwa na rekodi kwamba lugha ya nyumbani ni Kiswahili pekee, hawatamtafuta kamwe. Nimekaa katika vikao ambapo mkalimani wa kutoka Nairobi na mzazi wa kutoka Baraka, kule Fizi, walikuwa wakitikisiana vichwa kwa adabu, kila mmoja akiondoka na habari yake.

Ukiombwa usubiri bila mwisho, panda ngazi: mwalimu mkuu, kisha ofisi ya wilaya inayoshughulikia wanafunzi wa lugha nyingi. Juu yao iko Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu ya Marekani, inayopokea malalamiko ndani ya siku 180 tangu tukio. Ofisi hiyo ilipunguziwa watumishi wengi mwaka 2025, hivyo usiitegemee kwa jambo la haraka. Kwa uzoefu wangu, barua fupi ya upole kwa mwalimu mkuu, ikiwa na tarehe na nakala umebaki nayo, hufanya kazi zaidi ya tisho.

Zamu yako imekupa asubuhi, na asubuhi ndiyo saa ambayo ofisi za shule ziko wazi. Jumatatu, kabla hujalala tena, nenda mwenyewe na kitambulisho katika shule ya kijana, uombe mkalimani wa simu, na ubadilishe namba na anwani zote za mawasiliano ziwe zako na za mama yake. Shule za umma za Kentucky hutumia mfumo wa kompyuta uitwao Infinite Campus, ambamo mzazi huona maksi, mahudhurio na ujumbe. Omba akaunti ya mzazi kwa jina lako, na nenosiri ulitunge wewe mwenyewe papo hapo. Kisha rudia safari hiyo katika shule za wale wadogo wawili, maana fomu zao zilijazwa na mkono uleule, na sitashangaa kama hata lile neno la kutojihusisha lilizaliwa na ujumbe uliokuwa ukifika katika simu ya mtoto wa miaka 15. Muulize pia mshauri wa wanafunzi kama kijana bado yuko katika mpango wa wanaojifunza Kiingereza. Shule hutakiwa kumjulisha mzazi ndani ya siku 30 tangu mwaka wa masomo kuanza ikiwa mtoto amewekwa humo, na taarifa hiyo nayo huenda iliishia mahali palepale.

Ukitaka kuona kumbukumbu zote za mtoto, sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inakupa haki ya kuzikagua, na shule haina ruhusa ya kukuweka zaidi ya siku 45. Usianze na hilo, lakini ujue lipo.

Kuhusu kijana mwenyewe nitasema kwa urefu kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko zote ulizotaja.

Amekudanganya, na hilo lisemwe kwa jina lake. Lakini hebu fikiri mlimweka wapi. Tangu akiwa na miaka 10 amesoma barua za kodi ya nyumba kabla ya baba yake kuzisoma, amemweleza daktari maumivu ya mama yake, na ameketi katikati ya watu wazima wawili akiamua nini kivuke na nini kisivuke. Siku mwalimu wa hesabu aliposema kwamba anaanguka, mlimtaka mtoto huyo ajishtaki mwenyewe kwa sauti yake mwenyewe mbele ya baba anayetoka jasho usiku kucha kwa ajili yake. Sidhani kwamba mimi katika umri ule ningeivuka hiyo. Wewe je?

Kwa hiyo mwite asubuhi moja ya Jumamosi, mama yake akiwapo. Mwambie kwamba umeijua habari yote na kwamba uongo ule umekuumiza, kisha mwambie kwamba kazi ya ukalimani wa shule umemvua, kwa kuwa haikuwa yake tangu mwanzo. Mvulie kwa maneno yanayoonyesha kwamba unampunguzia mzigo. Akisikia kwamba amefukuzwa kazi, ataificha na ripoti ijayo. Muulize asubuhi zile alikuwa wapi, na ukishauliza unyamaze mpaka ajibu. Wapo wanaokosa kipindi cha kwanza kwa sababu ya basi, wapo wanaomkimbia mtu anayewacheka lafudhi, na wapo wanaolala tu kwa kuwa waliamka usiku kumfungulia baba mlango. Dawa ya kila mmoja ni tofauti.

Fimbo haitakusomea ripoti ya mwezi ujao. Zaidi ya hayo, katika Kentucky kila mtu mzima anayeshuku kwamba mtoto anadhulumiwa anawajibika kisheria kutoa taarifa, na alama moja mwilini inaweza kuleta nyumbani kwako ile ofisi ambayo jirani alikutisha nayo. Kumpeleka Kigoma katikati ya darasa la 9 nako kutamkatia miaka minne ya sekondari ambayo ameianza tu. Ili kuhitimu sekondari Kentucky mwanafunzi huhitaji angalau krediti 22, yaani pointi za masomo aliyofaulu, wilaya nyingine zikidai zaidi, na Kiingereza na hesabu ni masomo yasiyokwepeka. Somo aliloanguka halimpi krediti, lakini akiwa darasa la 9 bado ana nafasi ya kulirudia. Muulize mshauri wa wanafunzi atalirudia lini na kwa njia gani, na usiondoke bila tarehe.

Hapo ndipo zile Alhamisi sita zinapopata maana, ndugu yangu. Habari ya krediti, namna ya kuisoma ripoti, na fedha za chuo ni mambo ambayo wilaya huyafundisha wazazi katika vikao kama hivyo, na wazazi waliosoma hapahapa huyajua bila kufundishwa na mtu. Chukua mfano wa ufadhili wa KEES, ambao Kentucky huulipa kutokana na mapato ya bahati nasibu ya jimbo. Mwanafunzi akimaliza mwaka wa sekondari akiwa na wastani wa maksi wa 2.5 kwa kipimo cha 4.0, anajiwekea dola 125 za kila mwaka wa chuo, na akiwa na wastani wa 4.0 anajiwekea 500. Hesabu hufanywa kwa kila mwaka kuanzia darasa la 9, kisha hujumlishwa. Unahitaji uraia au ukaazi wa kudumu ili kuupata, jambo ambalo kwa mkimbizi aliyefika miaka mitano iliyopita kwa kawaida limekwisha kushughulikiwa, lakini hakikisha makaratasi ya kijana. Mwaka huu anaweza kuwa ameupoteza. Mitatu bado iko mbele yake, na mdogo wake wa darasa la 6 ana yote minne.

Utahudhuriaje ukiwa kazini? Soma mwaliko tena, au usomewe na mtu mwingine asiye kijana, uone kama umetaja malezi ya watoto wadogo, usafiri na ukalimani. Sheria ya Title I inaziruhusu shule kulipia usafiri, kuwatunza watoto wakati wa kikao na hata kuwatembelea wazazi nyumbani, na inazitaka kupanga mikutano kwa saa mbalimbali, asubuhi au jioni. Mama watoto anaweza kwenda na kitindamimba akiahidiwa mkalimani na mahali pa kumwacha mtoto. Wewe omba mada mbili tu, ile ya krediti na ile ya akaunti ya mzazi, uelezwe asubuhi. Usiombe kwa ajili yako peke yako. Katika ghala lile ninaamini hamkosi wazazi wengine wa zamu ya pili, na ombi lenye majina kumi hujibiwa kabla ya ombi lenye jina moja.

Mahali pa kulipeleka ombi hilo ni kituo cha familia kilicho shuleni. Sheria ya mageuzi ya elimu ya Kentucky ya mwaka 1990 iliweka vituo hivi kwa ajili ya shule ambazo angalau asilimia 20 ya wanafunzi wanastahili chakula cha bure au cha bei iliyopunguzwa. Katika shule za msingi huhudumia familia nzima, na katika shule za juu huwaangalia zaidi vijana. Watu wengi wetu huvijua kwa ajili ya makoti ya baridi na mabegi ya shule tu, wakati mafunzo ya wazazi ni sehemu ya kazi yao.

Turudi kwenye ile karatasi ya Agosti. Sijaiona, lakini karatasi inayoletwa na mtoto wa shule ya msingi mwanzoni mwa mwaka ili mzazi aitie sahihi, katika shule ya Title I, mara nyingi ni mapatano kati ya shule na mzazi. Huandikwa humo mzazi atafanya nini, na vilevile shule itafanya nini, na sheria inataka mapatano hayo yazungumzwe na mzazi wa shule ya msingi angalau mara moja kwa mwaka katika kikao cha mwalimu. Omba nakala, isomwe kwa Kiswahili, na uiweke mezani utakapomwona mwalimu wa darasa la 3. Sipendekezi ugombane naye kwa ajili ya sentensi aliyoiandika. Mweleze tu habari ya namba ya simu, kisha muulize ni jambo gani moja angependa lifanyike nyumbani kila jioni.

Swali hilo lina sababu. Joyce Epstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ambaye mgawanyo wake hutumiwa na wilaya nyingi za Marekani, alitaja aina sita za ushiriki wa mzazi: malezi, mawasiliano, kujitolea shuleni, masomo ya nyumbani, kushiriki katika maamuzi, na kushirikiana na jamii. Kati ya hizo sita, mwalimu aliyekaa darasani kwa kawaida huona mbili, yaani aliyejibu ujumbe na aliyekuja kujitolea. Wewe na mkeo mmekuwa mkizifanya nyingine bila shahidi. Mama akimwambia mwanawe wa darasa la 3 amsimulie kwa Kibembe hadithi aliyoisoma shuleni, hilo ni somo la nyumbani, na hahitaji neno moja la Kiingereza ili kujua kama mtoto ameielewa au anaruka kurasa. Mwambieni mwalimu kwamba mnafanya hivyo. Hatalijua msipomwambia.

Iko aina moja ambayo ningependa uifikirie mara mambo ya kijana yatakapotulia, nayo ni ya maamuzi. Shule nyingi za umma za Kentucky zina baraza lenye mwalimu mkuu, walimu watatu na wazazi wawili, mfumo uliotokana na ileile sheria ya 1990. Mabaraza hayo yalipunguziwa baadhi ya mamlaka mwaka 2022, lakini bado yapo na mikutano yake iko wazi kwa umma. Wazazi hao wawili huchaguliwa na wazazi wenzao, na shule ambayo asilimia 8 au zaidi ya wanafunzi wake ni wa jamii za wachache lazima iwe na angalau mjumbe mmoja wa jamii hizo. Mjumbe mpya hupewa mafunzo ya saa sita. Sikwambii ugombee mwaka huu. Nenda siku moja ukae nyuma usikilize, uone ni nani wanaoamua mambo ambayo wewe huletewa kwenye karatasi.

Neno la mwisho ni la mama watoto. Baadhi ya wilaya huwatuma walimu wawili wawili kuzitembelea familia, utaratibu ulioanza Sacramento, California, mwaka 1998 na kuenea. Katika utaratibu huo ziara ni ya hiari, hupangwa kwa makubaliano kabla, na walimu huja kuuliza wazazi wana matumaini gani juu ya mtoto wao. Kambini, mgeni mwenye daftari mlangoni alikuwa akihesabu watu au kukagua kadi, na ninaelewa kabisa kama moyo wake utashtuka. Mkipigiwa simu ya namna hiyo, ana ruhusa ya kukataa, ana ruhusa ya kuomba wakutane maktabani badala ya nyumbani, na kabla ya kujibu lolote ana ruhusa ya kuuliza mkalimani atakuwa nani.